Kidole Nilichokificha

Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba mwaka 2007 umeme ulikatika saa 8 za usiku, nami nilikuwa katikati ya kushona msamba wa mama aliyejifungua mtoto wake wa sita. Wakati huo Pemba ilikuwa bado inategemea majenereta ya Wesha, kwa kuwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ilikuja kutufikia mwaka 2010, na sidhani kama yupo mkunga wa zama zile ambaye hakuwahi kuzalisha kwa mwanga wa kandili. Msaidizi wangu alitoka kwenda kuitafuta kandili. Mimi, kwa kuwa damu ilikuwa inatoka na sikutaka kumwacha mzazi, niliendelea kuutafuta mwisho wa uzi kwa kupapasa. Sindano ikatoboa glavu na kuingia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Nilikaza meno, nikangoja taa, nikabadilisha glavu na kumaliza kazi. Nilimfuta mama, nikamfunga kanga, nikamwekea mtoto kifuani. Baada ya hapo nilikwenda peke yangu kwenye beseni la nyuma, nikakiminya kidole mpaka damu ikachuruzika, nikakimiminia spiriti iliyonitoa machozi, nikakifunga plasta. Kuminya na kumimina spiriti yote mawili ni makosa, kwa sababu yanazidi kuiumiza nyama iliyokwisha kujeruhiwa. Kinachotakiwa ni kukiweka kidole chini ya maji yanayotiririka na kukiosha kwa sabuni, basi. Lakini kosa lililonigharimu lilikuwa jengine. Asubuhi, wakati wa kukabidhi zamu, niliwaeleza wenzangu uzito wa mtoto, kiasi cha damu iliyopotea na idadi ya mishono, na habari ya kidole changu sikuitaja.

Nimestaafu sasa, baada ya miaka 29 ya uuguzi na ukunga, na katika yote ninayoyakumbuka kuhusu kumlinda muuguzi asipate maradhi kazini, hakuna linaloniuma zaidi kuliko ukimya ule. Tunazungumza sana juu ya glavu, barakoa na sabuni, na ni haki yetu kuzungumza. Hata hivyo vifaa vyote hivyo humlinda mtu kabla ya ajali. Ajali ikishatokea, kinachomlinda ni kinywa chake, na vinywa vyetu vilikuwa vimefungwa.

Niliogopa kuitwa mzembe. Mkubwa wetu wa wodi wa wakati huo alikuwa na desturi ya kumuuliza kila aliyejichoma, tena mbele ya wenzake, akili zake zilikuwa wapi, na mtu akiulizwa hivyo mara moja hataki kuulizwa mara ya pili. Kisha, kama ningesema, ingebidi mama yule aombwe kupimwa damu, na niliona kwamba kumwendea mzazi aliyelala na kichanga chake na kumtaka damu kwa ajili yangu ni sawa na kumtuhumu. Na lipo jambo ambalo watu wa miji mikubwa huenda wasilione uzito wake: kisiwa chetu ni kidogo. Aliyekuwa akipima damu maabara alikuwa shemeji yangu. Aliyekuwa akitoa dawa dirishani tulikuwa tumepakana naye nyumba. Lolote ambalo lingeandikwa asubuhi juu ya damu yangu nilihisi litakuwa limefika shehiani kwetu kabla ya adhuhuri, na mtu akishasemwa kwa maradhi, hata akipimwa akaonekana mzima, maneno hayarudi yalikotoka.

Wakati huo nilikuwa ninanyonyesha. Mwanangu alikuwa na miezi minane, na usiku wa pili baada ya ajali nilipomchukua kifuani nilishindwa kumpa ziwa, kwa kuogopa kumwambukiza VVU. Niliwaambia watu wa nyumbani kwamba maziwa yamekatika. Mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinipikia supu ya pweza siku nne mfululizo ili maziwa yarudi, nami nilikuwa ninainywa huku ninakamua maziwa chooni na kuyamwaga. Mume wangu naye nilimkimbia kwa visingizio vya uchovu wa zamu. Nilimwachisha ziwa mtoto mzima asiye na kosa, nikaiweka ndoa yangu kwenye mashaka, kwa hofu ambayo mazungumzo ya nusu saa na dawa za siku 28 yangeitibu.

Kwa kuwa dawa hizo zipo, na zilikuwepo duniani hata wakati ule. Muuguzi aliyechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU hupewa dawa za kufubaza virusi, ambazo sisi kazini tunaziita PEP, azimeze kila siku kwa siku 28; na sharti lake kubwa ni haraka. Dozi ya kwanza inatakiwa imezwe katika saa za mwanzo, na zikishapita saa 72 hakuna tena faida ya kuzianza. Mimi saa zangu 72 zilipita nikiwa ninatunga uongo wa maziwa.

Mama mwenyewe nilikutana naye sokoni baada ya miezi mitatu, amembeba mtoto mgongoni, mtoto amenawiri. Alinishukuru kwa moyo mweupe, akanishikisha fungu la muhogo. Nilimtazama uso, ngozi, macho, nikitafuta dalili za maradhi kwa mwanamke aliyekuwa akinishukuru, na aibu ya mtazamo ule bado ninayo. Mwezi wa saba tangu ajali nilipanda boti kwenda Unguja, nikapima mahali ambapo hakuna aliyenijua. Majibu yalikuwa mazuri. Nilikaa kwenye baraza ya nyumba ya watu nisiowajua nikalia mpaka mwenye nyumba akatoka na gilasi ya maji.

Nilidhani hadithi imekwisha. Mwaka 2011 nilihudhuria mafunzo ya kukinga na kudhibiti maambukizi, na siku ya kwanza mkufunzi aliandika ubaoni nambari tatu. Katika kila watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, alisema, wanaoambukizwa ni takriban 3. Kwa homa ya ini aina ya C, ni karibu 18 katika 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, ikiwa aliyechomwa hajachanjwa, ni kati ya 6 na 30 katika kila 100. Alirudia tena ili tusidhani amekosea: katika kila 100. Akaongeza kwamba kirusi cha homa ya ini B kinaweza kubaki hai kwenye tone la damu lililokaukia juu ya meza au troli kwa siku 7. Miezi saba nilikuwa nimeomboleza kwa ajili ya ugonjwa ambao hapa Zanzibar uko kwa chini ya asilimia 1 ya watu, na ule ambao ungeweza kuniingia kwa wepesi mara nyingi zaidi sikuupa hata dakika moja ya wasiwasi.

Mkufunzi alituuliza ni wangapi tumechanjwa homa ya ini. Katika chumba kizima iliinuka mikono miwili, na yote miwili ni ya vijana waliotoka chuoni karibuni.

Jambo hili nimelirudia kwa kila mkubwa aliyekubali kunisikiliza. Kwa miaka mingi kazi yangu ya kliniki ya mama na mtoto ilikuwa kuwachanja watoto chanjo ya penta, ambayo hukinga maradhi matano kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, bakteria wa Hib wanaosababisha kichomi na homa ya uti wa mgongo, na homa ya ini B. Kila asubuhi nilikuwa ninawaeleza akina mama, kwa sauti ya juu ili wa nyuma wasikie, kwamba homa ya ini ni ugonjwa mbaya, kwamba hula ini kimyakimya na huweza kuleta saratani, na kwamba kinga yake ni sindano hii. Nilikuwa ninaishika ile kinga mkononi, ninaiingiza katika paja la mtoto wa mwenzangu, na katika mwili wangu, unaoguswa na damu za watu kila siku, haimo.

Nilichanjwa mwaka uliofuata. Chanjo ya mtu mzima ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu baada ya miezi 6 tangu ya kwanza. Uzoefu wangu ni kwamba ya tatu ndiyo inayopotea. Watu huja kwa wingi siku ya kwanza, kwa sababu kuna shamrashamra na mkubwa yupo. Ya pili huja robo tatu yao. Miezi sita ikifika mmoja amehamishwa kituo, mwengine yuko likizo ya uzazi, mwengine kadi yake imeliwa na mchwa. Kwa hiyo nilipokuja kuwa inchaji wa wodi niliandika tarehe za sindano ya tatu kwenye ratiba ya zamu yenyewe, mstari mmoja na majina ya wanaoingia usiku, na muuguzi alikuwa hawezi kusoma zamu yake bila kuisoma chanjo yake. Na ikiwezekana, mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho, damu ipimwe ionekane kama kinga imejengeka, kwa kuwa wako wachache ambao mwili wao hauitiki mara ya kwanza, na mtu wa namna hiyo ni bora ajijue.

Uinchaji niliupata mwaka 2013, na la kwanza nililolitaka ni daftari la ajali. Lilikuwepo, limenunuliwa na limepigwa mihuri, lakini kurasa zake zilikuwa nyeupe. Kwa kuhukumu daftari lile, hakuna muuguzi hata mmoja aliyechomwa na sindano wala kurukiwa na damu katika wodi yetu kwa miaka kadhaa, wakati kila mmoja wetu alikuwa na kovu lake. Nilikusanya watu wa zamu zote mbili, nikawaambia kwamba sitamuuliza mtu akili zake zilikuwa wapi. Nitamuuliza sindano ilikuwa wapi, taa ilikuwa wapi, na sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, ilikuwa wapi. Walinisikiliza kwa adabu. Mwezi ukapita, na ukurasa ukabaki mweupe.

Hapo nikakumbuka somo ambalo mwalimu wetu wa chuo cha afya, Mbweni, alitufundisha zamani. Sisi wauguzi wote tunaijua habari ya daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna, aliyewaamrisha madaktari mwaka 1847 kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Kinachosahauliwa ni jinsi alivyofika kwenye jambo hilo. Rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alikatwa kidole na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akaugua na kufa, na Semmelweis alipoisoma taarifa ya maiti ya rafiki yake aliona ndani yake maradhi yale yale yaliyokuwa yakiwaua wazazi. Jeraha la mtumishi mmoja wa hospitali, kwa kuwa lilijulikana na likaandikwa, liliwafumbua macho juu ya vifo vya wanawake wasiohesabika. Jeraha langu mimi lilikuwa halijamfundisha mtu chochote.

Basi siku moja baada ya kukabidhiana zamu nilifungua daftari mbele ya wote, nikaandika katika mstari wa kwanza: tarehe ya Novemba 2007, saa 8 usiku, sindano ya kushonea, kidole cha shahada cha kushoto, hakukuwa na taa, haikuripotiwa. Nikaweka saini. Nikawasimulia supu ya pweza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi wakunga tunayajua maneno hayo kwa maana yake iliyo wazi kabisa, kwa sababu tumewaona wanawake waliochelewa kwa kuona haya. Kabla wiki haijaisha walikuja wawili kuniambia ya kwao, mmoja la mwaka uliopita na mwengine la juzi yake.

Ajali moja iliyoandikwa katika daftari lile ninataka niieleze kwa urefu, kwa kuwa imebeba mambo mengi. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, Aprili 2022. Muuguzi kijana alikuwa akimtoa damu mgonjwa aliyechanganyikiwa kwa homa, saa 4 za asubuhi, na mgonjwa akautupa mkono. Sindano ilikuwa ile ya tundu, ambayo hubeba damu ndani yake na kwa hiyo ni ya hatari kuliko ya kushonea. Binti yule alifanya yote aliyofundishwa: aliitia sindano kwenye sefti boksi bila kujaribu kurudisha kifuniko, akavua glavu, akanawa kwa maji na sabuni, akanijia. Mgonjwa ilibidi akimbizwe Unguja siku ile ile kabla ya kupimwa, hivyo hatukuwa na majibu ya kungojea. Dawa zipo, kidonge kimoja kwa siku. Nikamletea na maji.

Akaniambia, "Mama, nimefunga. Nitameza magharibi."

Nilielewa kilichokuwa moyoni mwake, na sikukidharau. Lakini kutoka saa 4 asubuhi mpaka magharibi ni saa nane na zaidi, na kirusi hakingoji adhana. Nikamwambia, "Mwanangu, meza sasa. Siku hii utailipa, na aliyekuruhusu kuilipa anakujua kuliko mimi." Alilia kidogo, akameza. Siku zilizofuata alikuwa akimeza baada ya futari, akafunga zilizobaki, na vidonge vilimalizika Idi imeshapita. Wiki ya kwanza alipata kichefuchefu, na mume wake, ambaye aliambiwa siku ile ile, ndiye aliyekuwa akimkumbusha. Alipimwa baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3, na yuko salama. Mtoto wake hakuachishwa ziwa kwa uongo wa mtu yeyote: tulimpa ushauri wa wazi kuhusu kunyonyesha katika kipindi hicho, akachagua akiwa anajua.

Siwezi kuandika habari za Pemba bila ya karafuu. Msimu ukifika, barabara zote zinanukia, majamvi yametandazwa mbele ya nyumba, na sisi hospitalini tunajua kwamba tutaletewa walioanguka mikarafuuni. Hufika kwenye gari ya mizigo au kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mfupa umetoka nje, damu imeenea. Muuguzi wa Pemba akisikia kilio kile mlangoni hukimbia, na hukimbia mikono mitupu. Nimewaona wenzangu wakizuia damu ya mtu kwa viganja vyao, na mimi nimefanya hivyo zaidi ya mara moja, na baada ya hapo tukaambiwa kwamba hatufuati kanuni. Glavu zilikuwa wapi? Zilikuwa katika kabati la stoo, na ufunguo ulikuwa na mwenye stoo, na mwenye stoo alikuwa amekwenda kusali. Tangu siku niliyolifahamu hilo siamini tena hotuba za kuwaambia wauguzi wajilinde. Nilitundika maboksi ya glavu ukutani, usawa wa kifua, hatua tatu kutoka mlango wa kuingilia majeruhi, na aproni kwenye misumari kando yake, na miwani ya kinga chumba cha kuzalia, pale pale chupa ya uzazi inapopasukia. Mikono mitupu ikapungua bila mimi kusema neno. Ndiyo, glavu chache ziliibwa. Nilikubali ziibwe.

Hewa ni jambo gumu zaidi, maana sindano unaiona na hewa huioni. Mwenzangu mmoja, tuliyeanza naye kazi, alipata kifua kikuu akiwa katika wodi ya wanawake. Alikohoa wiki tano akisema ni vumbi la kufagia, mpaka akapungua mwili. Alitibiwa miezi 6 akapona, na alirudi kazini, ingawa kwa muda mrefu kulikuwa na watu waliokuwa hawanywi chai katika kikombe alichokitumia, kana kwamba kifua kikuu kinakaa kwenye kikombe. Kinakaa hewani, katika chumba kilichofungwa. Ukiingia usiku katika wodi ile ulikuwa unakuta madirisha yote yamefungwa na jamaa wanaouguza, kwa kuogopa baridi ya kusi na mbu, na mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini anakohoa katikati yao.

Majengo ya zamani yalijengwa na watu walioifahamu hewa: dari ndefu, madirisha mapana yanayotazamana, upepo unaingia huku na kutokea kule. Kinachotakiwa katika chumba cha mwenye kifua kikuu ni hewa ibadilike mara 12 au zaidi kwa saa, na kwa kasi hiyo vijidudu vilivyomo hewani hupungua kwa asilimia 99 katika muda wa dakika 23 hivi. Kisiwa kinachopigwa na kusi na kaskazi kinapata hayo bure, madirisha yakiwa wazi. Ninasema hili kwa sababu nimeona vyumba vipya vikiwekewa kiyoyozi na madirisha kupigwa misumari, na wakubwa wakiona wametufanyia hisani. Kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile ya chumba kinampoza muuguzi na kumpa pumzi za wagonjwa wake. Tulichofanya sisi ni kufunga vyandarua vizuri kila kitanda ili hoja ya mbu iondoke, kuwavika barakoa ya kawaida wanaokohoa, na kuziweka barakoa za N95, ambazo ni chache na ni ghali, kwa ajili ya muuguzi anayeingia kwa mgonjwa wa kifua kikuu. Na madirisha yakabaki wazi, kwa ubishi wa kila usiku.

Kuhusu mikono nitasema kidogo, kwa sababu yamesemwa mengi. Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano za kusafisha mikono, na ukizitazama vizuri, mbili za mwanzo, kabla ya kumgusa mgonjwa na kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, ni kwa ajili ya mgonjwa. Tatu zinazobaki ni kwa ajili yako wewe na wodi yako. Nilipowaeleza hivyo vijana, walinawa zaidi. Dawa ya mikono yenye spiriti, inayotaka sekunde 20 hadi 30 tu wakati maji na sabuni hutaka 40 hadi 60, wengine waliikataa mwanzoni kwa kuwa ina ethanoli ya asilimia 80, na mkunga mmoja mkubwa kwa umri akaenda kumuuliza sheikh wake, akarudi na jibu kwamba kilichoharamishwa ni ulevi, na kwamba kulinda nafsi ni jambo jengine. Tangu hapo chupa zilikuwa zinakwisha mapema. Tulikuwa pia na suala la mikono ya nguo, kwa kuwa sisi wanawake tunavaa mikono mirefu chini ya sare, nayo ikilowa damu inabaki kwenye ngozi mpaka jioni. Fundi wetu alitushonea mikono ya kuvaa na kuvua, inayoishia na mpira juu ya kiwiko, ikawa inatolewa wakati wa kazi na kufuliwa kila siku. Hina haina neno. Kucha ndefu na bangili ndizo zenye neno.

Nimemwacha mwisho yule niliyemsahau kwa muda mrefu kuliko wote. Tulikuwa na mama mmoja mfagizi, mtu mzima, aliyefanya kazi katika wodi yetu kabla yangu. Taka zetu zimepangwa kwa rangi: pipa jekundu na la manjano kwa zenye maambukizi, jeusi kwa taka za kawaida, na sindano katika sefti boksi, ambayo hufungwa ikijaa robo tatu. Siku moja aliinua mfuko mweusi, mfuko wa maganda ya machungwa na karatasi, na sindano iliyotupwa humo na mmoja wetu ikamchoma paja. Yeye hakuwa na cheti cha mafunzo, hakuwa na viatu zaidi ya ndara, na katika orodha ya chanjo niliyoipigania kwa miaka miwili jina lake halikuwemo, wala la dobi, wala la mtu wa tanuri la kuchomea taka. Mimi ndiye niliyeiandika orodha ile.

Alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni, mkono umeshika kanga mahali palipochomwa. Nikadhani anataka dawa ya maumivu. Akasema, "Sista, mimi sijui kuandika. Nimesikia mna daftari. Niandike."

Nilinyanyuka nikampeleka kwanza kwenye maji na sabuni. Kisha nikamkalisha kwenye kiti changu, nikalifungua daftari, nikaliandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake, kama alivyonitajia.